Kalibu Isiyo na Jina

Yaliyompata mdogo wangu sikuyasikia kwa mtu. Nilikuwapo, na mkono wangu umo. Ndiyo maana nitayasimulia taratibu, nisije nikaruka kitu.

Ilikuwa Jumatatu ya kawaida kabisa, na mimi nilikuwa naanza kazi katika karakana ya kampuni moja ya filamu. Unazijua filamu zao: mtu kavaa kinyago, kashika kisu, anawamaliza vijana mmoja baada ya mwingine ndani ya nyumba ambayo yeyote mwenye akili timamu angeshaihama. Kazi yangu ilikuwa vichwa. Mwigizaji akikatwa shingo, kichwa kinachobingirika sakafuni si chake, ni changu. Mimi ndiye niliyekipaka rangi na kukipandikiza nyusi, unywele mmoja mmoja, kwa sindano.

Kazi hiyo alinitafutia mdogo wangu. Yeye alikuwa mwigizaji wao, na hadi wakati huo alikuwa ameshakufa mara tatu. Mara zote tatu alikuwa wa kwanza. Sisi kwetu ni weusi tii, na katika filamu za kampuni ile mweusi alikuwa mmoja tu, na shughuli yake ilikuwa kucheka kidogo, kuuliza "Mmesikia hiyo sauti?" kisha kwenda kuangalia peke yake. Hata jina hakuwa nalo. Kwenye skripti aliandikwa Rafiki. Mama alijiwekea utaratibu: anakaa, anatazama, na ikifika dakika ya kumi na mbili anainuka na kuzima televisheni. "Mwanangu ameshamaliza kazi," anasema. "Hao wengine wana mama zao."

Tulikuwa tukicheka. Mdogo wangu naye alicheka, ila kicheko chake kilikuwa kifupi kuliko vyetu.

Jumatatu hiyo mwongozaji alituita sote, waigizaji na mafundi. Ni bwana mwembamba anayependa kuzungumza huku amefumba macho. Akatueleza kwamba watazamaji wameandika, wamechoka kuona mtu wa aina moja akichinjwa mwanzoni kila mara, na kwamba zama zimebadilika. Filamu hii ya saba itakuwa na kila aina ya watu, kuanzia mwenye kiti cha magurudumu asiyeonewa huruma hadi bibi kizee asiye mwendawazimu. Na atakayebaki hai, atakayetoka mlangoni asubuhi baada ya wote kuisha, atakuwa mdogo wangu. Watu wakapiga makofi. Mdogo wangu alinibana mkono mpaka ukauma, na mimi machozi yakanilengalenga, sitaki kusema uongo.

Mmoja tu hakupiga makofi. Alikuwa fundi mkuu wa karakana, mzee ambaye wote tulimwita Mzee Jasi kwa sababu nyusi zake hazikosi unga mweupe. Alingoja kelele zitulie, akauliza, "Sasa wa kwanza ni nani?"

Mwongozaji akafumbua macho. Akamwonyesha kijana mmoja mweupe, mzuri wa sura, ambaye filamu zilizopita alikuwa akiokoka. Sisi mafundi tulikuwa tukimwita Shingo Ndefu. Mzee Jasi akamtazama yule kijana, akamtazama mdogo wangu, halafu akainamia viatu vyake. Mimi nina ubaya mmoja, macho yangu hayatulii kwa watu. Nikaliweka moyoni.

Kesho yake tukampiga jasi Shingo Ndefu. Kumpiga mtu jasi ni hivi. Unamkalisha, unampaka mafuta, unamwachia matundu ya pua tu, kisha unamfunika kichwa kizima kwa jasi nzito kama uji, nusu ya mbele kwanza, nusu ya nyuma baadaye. Jasi inapoganda hupata joto, joto hasa, kama la mtu mwenye homa. Baada ya nusu saa au zaidi kidogo inapoa, na ikishapoa imepoa. Ukizitoa zile nusu mbili umepata kalibu, na humo unaweza kumimina vichwa kadiri upendavyo. Kila kichwa kitatoka na mshono: mstari mwembamba unaopanda kutoka sikio moja, unapita utosini, unashuka kwenye sikio la pili, pale nusu mbili zilipokutana. Kazi ya kwanza ya fundi ni kuukwangua. Hakuna kichwa cha kalibu kinachozaliwa bila mshono.

Kalibu zote zilipangwa rafuni, kila moja imeandikwa jina la mwenyewe kwa wino. Nilipopata nafasi nikaitafuta ya mdogo wangu, kwa hamu tu ya dada mtu. Sikuiona. Rafu ya chini kabisa, nyuma ya ndoo, nilikuta moja kongwe, kingo zimelika kwa kutumiwa kuliko nyingine zote. Hiyo haikuwa na jina. Iliandikwa kwa penseli: Mweusi, mwanamke.

Nikamimina jasi ndani yake nione. Uso uliotoka haukuwa wa mdogo wangu. Ulikuwa wa mwanamke mwenye paji pana, midomo imefungwa kwa adabu, na chini ya taya kipele kidogo kama punje ya mtama, alama ya povu la hewa lililobaki kwenye kalibu. Nilikitupa kile kichwa.

Mchana wakati wa chakula nikamuuliza mdogo wangu walimpiga jasi lini.

"Mimi? Sijawahi," akasema. "Waliniambia muda hautoshi." Kisha akaacha kutafuna. "Dada, kwani vile vichwa vyangu walivitoa wapi?"

Filamu sita. Waigizaji wanne tofauti, wote weusi, wote wa kwanza kufa. Uso mmoja. Wenye kampuni waliona hakuna haja ya kujisumbua, kwamba kwenye kamera nani atajua. Na kweli, nani alijua? Mimi mwenyewe nilizitazama zile filamu tatu. Nilikiona kichwa kikitumbukia kwenye sinki la jikoni, nikalia kwa kwikwi, na sikuona kwamba yule si mdogo wangu. Aibu niliyoipata siku ile sijaimaliza mpaka leo.

Nilimpeleka akaione kalibu. Alichuchumaa, akaingiza kiganja kwenye lile shimo la uso, taratibu, kana kwamba anampapasa mtu aliyelala.

"Kumbe ni wewe," akaiambia. "Pole."

Wiki ya pili mambo yakaanza. Nilifungua karakana asubuhi, jua limeshatoka, nikakuta kichwa juu ya meza yangu. Kibichi, hakijakwanguliwa, mshono wake umesimama. Kilikuwa na paji pana, na kipele chini ya taya. Nikakigusa. Kilikuwa cha moto.

Maana yake kilimiminwa muda usiozidi nusu saa. Na mlango niliufungua mimi. Funguo zilikuwa mbili tu, yangu na ya Mzee Jasi.

Mzee aliingia saa nzima baadaye. Nilimsalimia kama kawaida, nikijitia hamnazo, nikatazama mikono yake kama ina unga mbichi. Hakuwa nao. Nikakifungia kile kichwa kabatini. Kesho yake nikakuta kingine. Kesho kutwa kingine tena. Nikaanza kuweka alama zangu: uzi mwembamba mlangoni, unga kidogo sakafuni. Uzi haukukatika. Kwenye unga hakuna aliyekanyaga.

Kichwa cha nne ndicho kilichonikosesha raha. Kipele kilikuwa kimepungua. Pua ilikuwa imebadilika. Nikakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, nikakigeuza tena. Pua ile naijua, ni ya baba yetu, na mdogo wangu peke yake ndiye aliyeirithi.

Siku hizo hizo, upande wa ukumbi wa kurekodia, walikuwa wanahangaika na kifo cha Shingo Ndefu. Filamu hairekodiwi kwa mpangilio, wanaweza kuanza na katikati wakamalizia na mwanzo, lakini kifo kile kilikataa kabisa. Kisu kinapita shingoni, na damu, ambayo ni sharubati tu yenye rangi inayosukumwa kwenye mpira mwembamba, haitoki. Wakabadilisha mpira. Haitoki. Wakabadilisha pampu. Wakiijaribu pembeni inaruka mpaka ukutani, wakiifunga kwa yule kijana inakauka. Jaribio la saba mwongozaji akatania kwamba labda damu yao imemzoea mtu mwingine. Wengine wakacheka. Mdogo wangu alikuwa amekaa pembeni na skripti mapajani. Yeye hakucheka.

"Basi tukiache hicho," akasema mwongozaji. "Tutakirekodi mwisho."

Nilipiga moyo konde, nikamfuata Mzee Jasi stoo, nikafunga mlango. Nikamuuliza nani anamimina vile vichwa. Hakujifanya haelewi. Alinyoosha mikono yake mbele yangu, nami nikaona kitu ambacho macho yangu yote haya yalikuwa hayajakiona. Vidole vilikuwa vinatetemeka, vimepinda, havikunjuki. Kalibu ile hata mimi niliiinua kwa tabu. Mzee yule hakuweza kuinua hata ndoo.

"Mara ya mwisho kumimina ni miaka miwili iliyopita," akasema kwa sauti ya chini. "Wewe uliletwa kwa sababu hiyo."

Nikamuuliza yule mwanamke alikuwa nani.

Alinieleza kinaganaga. Alikuwa mwigizaji wa filamu ya kwanza, mtu wa watu, mcheshi. Siku ya kupigwa jasi alikaa kimya muda wote bila kulalamika, na alipotolewa aliomba kitu kimoja, waandike jina lake kwenye kalibu kama walivyowaandikia wenzake. Mzee akamjibu ataliandika ikishakauka. Akaandika maneno mawili ya penseli ili asiichanganye na nyingine. Basi. Mwanamke yule alirudi mara kadhaa, kila filamu mpya ikitangazwa. Anauliza kama safari hii kuna nafasi ya mtu anayebaki hai. Wanamwambia safari ijayo. Kisha anapita karakana kuuliza kama jina lake limeshaandikwa. Wanamwambia kesho.

"Halafu?"

"Halafu akaacha kuja."

"Alikufa?"

"Sijui, mwanangu. Hakuna aliyeuliza."

Nikamwambia aniambie jina lake basi, niliandike mimi mwenyewe, leo leo. Mzee Jasi akafungua mdomo. Akaufunga. Akanitazama kwa macho ya mtu aliyeingia chumbani na kusahau alichofuata. Jina halikuja.

Kama si mzee, ni nani? Nilimshuku mwongozaji, nilimshuku mlinzi, nikawa namshuku kila mtu mwenye kiganja. Nikakata kauli kudamka alfajiri, niwe nafika kabla ya wote. Asubuhi ya kwanza tu nikakuta mlango u wazi. Ufunguo wangu alikuwa nao mdogo wangu. Alikuwa ameutoa kwenye mkoba wangu tukiwa nyumbani.

Alikuwa amekaa chini, miguu ameikunja, ameielekea rafu ya chini. Alikuwa ananong'ona. Nilisimama nje nikasikiliza, na nilichosikia ni sentensi moja, ameirudia kama mara tatu.

"Safari hii tunatoka sote."

Nikaingia. Akashtuka, akasema alikuwa anajifunza maneno yake. Nilikuwa nimeisoma skripti yake yote. Maneno hayo hayamo.

Nilikaa naye pale chini nikamweleza habari za vichwa, za pua ya baba na yote. Nilitaka aogope. Nilitaka aiache hiyo filamu, na nikamwambia hivyo, kwamba afadhali awe hai nyumbani kuliko awe hai kwenye skrini. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema hawezi, kwamba Mama amengoja miaka yote hii kuvuka dakika ya kumi na mbili.

"Na huyu je?" akauliza, akiigusa kalibu. "Amekufa mara sita, Dada. Mara tatu kwa ajili yangu. Nimemwahidi tu kwamba nitakapotoka nitamkumbuka. Kuna ubaya gani?"

Nilimnyang'anya ufunguo, nikaufunga kwenye kamba, nikauvaa shingoni. Nilidhani nimefanya jambo.

Siku ya kurekodi mwisho wa filamu ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi. Ukumbi ulikuwa upande wa pili wa ukuta wa karakana, na nilikuwa nasikia wanavyopanga taa. Mdogo wangu alipita kuniaga akiwa na vazi lake lililochanika na damu ya sharubati mikononi. Alinikonyeza. Juu ya nyusi ya kushoto alikuwa na kovu lake dogo, wapambaji walikuwa wameliacha wazi. Kovu hilo nilimpa mimi. Nilimsukuma tukiwa wadogo, akaangukia ukingo wa kitanda, na nikamlaghai asimwambie Mama.

Nilirudi kwenye meza yangu. Kilikuwa hapo.

Nilikuwa nimetoka mlangoni dakika moja. Haikufika mbili.

Kilikuwa mdogo wangu. Si kufanana. Pua ya baba. Masikio. Midomo imefumbwa, kama anazuia kicheko. Hakikuwa na kipele. Juu ya nyusi ya kushoto, kovu. Nikapitisha kidole nyuma ya sikio kutafuta mshono. Hapakuwa na mshono. Nikapitisha utosini. Hapakuwa na kitu.

Kilikuwa na joto.

Upande wa pili mwongozaji alisema wanyamaze wote. Kukawa kimya. Nikasikia mlango wa ile nyumba ya mbao ukianza kufunguliwa, pole pole.

Akili yangu iliniambia neno moja tu: kimekamilika. Anachokitaka yeyote anayevimimina kimekamilika, mdogo wangu akivuka ule mlango kichwa chake kiko huku tayari kinamngoja. Nilichukua nyundo. Sikufikiri mara mbili. Niliinua kwa mikono yote miwili, nikapiga katikati ya uso.

Kilivunjika kwa pigo moja. Hakikutoa vumbi.

Na upande wa pili wakaanza kupiga makofi.

Nilitoka mbio. Mdogo wangu alikuwa amesimama nje ya mlango wa mbao, mzima wa afya, taa zote zimemwelekea, na watu wazima wanalia. Mwongozaji alikuwa akimwambia kila mtu kwamba hajapata kuona mtu akitoka namna ile, kama aliyeungoja mlango huo kwa miaka. Nilimkumbatia. Alinikumbatia pia, ila akachelewa kidogo, kama mtu anayekumbuka inavyofanywa. Nilishukuru kwa sauti. Nikamshukuru kila aliyekuwa karibu.

Alasiri walirudia kifo cha Shingo Ndefu. Damu ilitoka jaribio la kwanza. Ilitoka nyingi, bila shida yoyote, na mwongozaji akacheka akasema sasa imekubali.

Mzee Jasi alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilimsikia akivuta pumzi, kisha akaondoka bila kuaga. Hakurudi kazini tena.

Jioni nilipokwenda kufagia, kalibu kongwe ilikuwa imefunguliwa, nusu mbili zimelazwa chali. Yale maneno ya penseli yalikuwa yamefutika.

Mdogo wangu alirudi nyumbani na vipodozi vyake usoni, hakutaka kunawa siku hiyo wala siku iliyofuata, na baada ya hapo akawa anafunga kitambaa cha kichwa mpaka kwenye nyusi. Alikuwa mpole. Anakula, anasaidia kazi, anasalimia wageni kwa adabu. Mama alifurahi, akasema umaarufu umemtuliza. Mimi nilikuwa namtazama. Nilikuwa namtazama anavyopita kwenye milango. Kila mlango anausimamia kwanza, anatabasamu, ndipo anavuka.

Filamu ilipotoka tuliitazama watatu sebuleni, Jumapili mchana, mapazia wazi. Dakika ya kumi na mbili ikafika, na Mama hakuinuka. Alikaa na mikono mapajani mpaka mwisho. Mwanamke akafungua mlango wa mbao, akatoka kwenye mwanga, kamera ikamsogelea usoni. Mama akanivuta kwenye bega.

"Huyu ni nani?" akaninong'oneza.

Kabla sijajibu, mdogo wangu akacheka. Kicheko kirefu. "Ni mimi, Mama."

Baadaye alikaa chini katikati ya magoti yangu nimsuke, kama tulivyofanya tangu utotoni. Nilitia mafuta, nikaanza kugawa nywele kwa kitana. Nyuma ya sikio la kulia kidole changu kikapita juu ya kitu. Nikakifuata. Kilipanda. Kilipita utosini, chembamba, kigumu, kimenyooka. Kikashuka mpaka sikio la pili.

Nikaweka kitana chini. Yeye hakugeuka.

"Hapo usikwangue," akasema taratibu. "Kila mara mnanikwangua hapo."

Nilimaliza kumsuka. Mama alikuwa jikoni akiimba, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Juu ya nyusi ya kushoto ya aliyekaa mbele yangu ngozi ilikuwa laini kabisa.

Siku ile ya kufagia sikuvitupa vipande vyote. Kimoja nilikichukua, sikujua kwa nini, nikakifunga kwenye kitambaa na kukiweka kwenye sanduku langu chini ya nguo. Ni kipande cha paji, chenye nusu ya nyusi na kovu juu yake. Jasi hupoa kwa nusu saa, nimekwambia. Huu ni mwezi wa kumi na moja tangu nikivunje. Kila asubuhi nakifungua, naweka kiganja, naomba kiwe kimepoa, na kila asubuhi naogopa kwamba kitakuwa kimepoa.

Leo nimekigusa. Bado kina joto.